Flopi Kwenye Kichanja cha Mama

Kwanza niseme kwamba mwenye kosa ni mimi. Kwa miaka mingi nimemlaumu fundi wa kompyuta, nimelaumu masika, nimelaumu umeme wa siku zile, na siku moja ya aibu nilimlaumu hata mama yangu mzazi. Wote nawaomba radhi. Nilikuwa mkufunzi katika chuo cha ualimu pale Moshi, mwanamke mtu mzima wa miaka arobaini na sita, nina vumbi la chaki la miaka ishirini kwenye mapafu, na nilizipoteza ripoti za wanafunzi arobaini na mmoja katika muda usiotosha hata kuivisha mkungu wa ndizi shambani.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya elfu mbili. Kila wiki ulisikia fulani amepunguzwa kazini. Kaka yangu alipunguzwa kiwandani, akarudi kwenye kihamba cha baba, shamba la ukoo, na kukuta majirani wanang'oa mibuni, maana kahawa ilikuwa haimlishi tena mtu. Vyuo vya binafsi vilikuwa vinachipua kila upande, na mkuu wetu wa chuo alitutangazia kikaoni kwamba mkufunzi asiyejua kompyuta ajiandae kisaikolojia. Mimi sikujiandaa kisaikolojia, niliogopa tu. Nilikuwa mjane mwenye watoto wawili sekondari, na kwetu mtoto wa kike hana kihamba cha kurudia.

Basi kompyuta nane zilipofika, zimetumika, zawadi ya chuo kimoja cha ng'ambo, mimi nilikuwa wa kwanza kuzipokea. Tukazipa chumba kilichokuwa stoo ya vifaa vya michezo, tukatandika zulia, tukaweka sheria ya kuvua viatu mlangoni. Matroni alizifumia vitambaa vyeupe, kila moja na chake. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Tuliziangalia mashine zile kwa namna hiyo hasa, kana kwamba zimekuja kututibu. Mimi nilijifunza kwa miezi mitatu, nikitoka darasani naingia chumbani, mpaka nikaanza kuwasahihisha wenzangu. Halafu nikavimba kichwa.

Kichwa kilipovimba nikaandika mwongozo wa kurasa mbili. Sharti la kwanza: ripoti ya mazoezi ya kufundisha itapokelewa tu ikiwa imechapwa kwa kompyuta. Mkuu wa chuo aliusoma akafurahi, akaupeleka ofisi ya kanda, na kanda wakaupiga mhuri. Taipureta tatu za ofisini zikapigwa mnada, na aliyetoa wazo hilo kikaoni ni mimi.

Darasa langu lilikuwa la vijana waliotoka kidato cha nne, isipokuwa mama mmoja. Yeye alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Kahe, umri wake arobaini kasoro. Baba yake alikuja zamani kutoka Kigoma kukata miwa kwenye mashamba ya tambarare, akabaki. Mama huyo alikuwa amefundisha miaka kumi na saba katika daraja la chini kabisa la ualimu, na hatimaye mwajiri alimpa ruhusa ya kuja kusoma ili apande. Ruhusa hiyo ilikuwa ya mara moja. Akikosa cheti mwaka ule, umri ungekuwa umempita, angerudi Kahe na daraja lake lilelile mpaka anastaafu. Alinieleza haya siku ya kwanza bila kulalamika, akiwa amesimama wima mbele ya meza yangu. Kila asubuhi aliniamkia shikamoo, jambo lililonikera, maana tulikuwa tunakaribiana umri. Nikamwambia aache. Hakuacha.

Mazoezi ya kufundisha aliyafanya kwenye shule mojawapo ya hukohuko Kahe. Alirudi na daftari nene, kaunta buku lililojaa mpaka jalada la nyuma. Ripoti yake ilihusu watoto wa darasa la pili wasiojua kusoma. Alikuwa amewaandika mmoja mmoja, alianza na herufi gani, alikwama wapi, lini aliunganisha silabi ya kwanza. Aliwafundisha kando ya mfereji wa kumwagilia, wakichora herufi kwa vidole kwenye tope, kwa sababu darasani madaftari yalikuwa haba. Hayo yote alinieleza kwa mdomo tukiwa tumesimama varandani. Nikamwambia ni vizuri sana, sasa akachape.

Alichapa kwa kidole kimoja. Vijana walimaliza kwa siku tatu, yeye alichukua wiki mbili, na kila alipofikia mwisho wa mstari alikuwa akinyanyua mkono kulia kutafuta kile chuma cha taipureta cha kurudisha karatasi. Vijana walicheka, na mimi nilicheka. Alipomaliza nilimkuta amelikumbatia lile kaunta buku.

Hapo ndipo nilipofanya ujinga wa kwanza. Fundi alikuwa ameniambia karatasi zinaleta vumbi, na vumbi ni ugonjwa wa kompyuta. Nikawaambia wanafunzi wote kwamba zama za madaftari zimekwisha. Ambaye ameshachapa ripoti alete madaftari yake, tumpe mama anayeuza karanga getini, afungie karanga. Vijana waliyatupa kwa shangwe. Mama wa Kahe akaniuliza, "Mwalimu, hili naweza kurudi nalo nyumbani?"

"La nini tena?" nikamwambia, nikapigapiga kichwa cha kompyuta kama unavyompigapiga ng'ombe mwenye maziwa. "Kila kitu kimo humu."

Akalitoa. Naona mpaka leo jinsi alivyoliweka juu ya rundo, akalinyoosha jalada lililokunjamana, kisha akaondoka.

Wale wa chuo cha ng'ambo walikuwa na mpango mzuri. Kila ripoti ningemtumia mkufunzi mwenzangu wa huko kwa barua pepe, aisome, arudishe maoni, na wanafunzi wetu wajione wako duniani. Chuoni hatukuwa na mtandao. Nilikuwa nateremka mjini, kwenye intaneti kafe moja karibu na mnara wa saa, na flopi kwenye mkoba. Nani anakumbuka flopi? Kile kibapa cha mraba cha plastiki, chenye kilango cha bati, kilichobeba kurasa chache na jeuri nyingi. Laini ilikuwa ya simu. Ripoti moja ilichukua mchana mzima kwenda, ikifika katikati inakatika, unaanza upya. Kwa wiki tatu nilifanikiwa kutuma ripoti tatu. Nyingine nikasema zitasubiri.

Kabla ya likizo ya masika kompyuta zikaugua virusi. Fundi akaja kutoka Arusha, kijana mpole mwenye miwani, akasema dawa ni kuzifuta zote na kuziwekea programu upya, kwa hiyo nihamishe kazi za wanafunzi kwenye flopi. Nikahamisha. Zilikuwa flopi kumi na nne. Wino wa printa ulikuwa umekwisha tangu mwanzo wa muhula na mwingine ulikuwa umeagizwa, kwa hiyo hakuna ripoti hata moja iliyokuwa kwenye karatasi. Fundi aliponikabidhi alinihesabia kwa vidole: "Mama, flopi ina maadui wanne. Maji, vumbi, sumaku na joto." Nikaandika vyote vinne kwenye shajara yangu, kwa mwandiko mzuri kabisa.

Mimi nilikuwa nimeteuliwa kwenda semina ya wiki nne Dar es Salaam. Semina yenyewe ilikuwa juu ya ufundishaji kwa njia ya mtandao. Nyumba niliyopanga Njoro ilikuwa bondeni, na masika maji yanaingia mpaka chini ya kitanda. Stoo ya chuo ilikuwa inavuja, na mlango wake uliwahi kuvunjwa. Nikafikiri mahali ambapo kitu hakijawahi kupotea wala kuoza tangu nizaliwe, nikapata mahali pamoja tu. Nikapanda Kibosho kwa mama.

Mama alikuwa na nyumba ya matofali aliyojengewa na kaka kabla hajapunguzwa, lakini maisha yake yote yalikuwa kwenye jiko la zamani la udongo, lenye mafiga matatu na moto usiozimika. Tulizungumza Kichagga, kama siku zote. Aliupokea mfuko wa nailoni niliozitia flopi, akatoa moja, akaigeuza, akainusa.

"Hiki ni nini, mwanangu?"

Sasa nisikilizeni vizuri, hasa ninyi walimu. Kanuni ya kwanza niliyowafundisha wanafunzi kwa miaka ishirini ni hii: mwongoze mtoto kutoka kile anachokijua kwenda kile asichokijua. Mwalimu mzuri hurahisisha, tena hutumia mfano wa karibu. Nikaitumia kanuni yangu kwa mama yangu.

"Mama, hizi ni kama mbegu," nikamwambia. "Wanafunzi wangu wamelima mwaka mzima, mavuno yao ndiyo haya. Zikipotea hatuna cha kupanda tena. Zisiguswe na maji, wala panya asizifikie."

Uso wa mama ukakunjuka. "Mbegu nazijua mimi," akasema. "Nenda salama."

Nikashuka na mkungu wa ndizi begani na roho nyeupe. Nilisikia hata fahari kwamba mwanamke asiyejua kusoma nimemweleza kompyuta kwa sentensi tatu. Vumbi, sumaku na joto sikuvitaja, niliona nitamchanganya.

Semina ilikuwa nzuri. Tulipewa vyeti.

Niliporudi nilipanda Kibosho moja kwa moja, kabla hata ya kufungua mizigo. Chuo kilikuwa kinafunguliwa baada ya siku mbili, na wakaguzi wa kanda walitarajiwa muda mfupi baadaye kuja kupokea ripoti zote. Mama alinipokea kwa furaha, akanishika mkono, akanipeleka jikoni. Ndani mlikuwa na moshi, macho yakawa yananitoka machozi, sikuona kitu. Akaniambia nitazame juu.

Juu ya meko kila nyumba ya kwetu ina kichanja. Ndipo mbegu ya mahindi inapokaa, na maharage ya kupanda, kwa sababu moshi unafukuza wadudu na moto unazuia unyevu. Mama alikuwa amesogeza mahindi yake pembeni. Flopi kumi na nne zilikuwa zimepangwa mistari miwili, nyeusi kwa masizi, zimejikunja kama maganda ya ndizi yaliyoachwa juani.

"Nilizitoa kwenye ule mfuko," mama akanieleza. "Mbegu ukizifungia kwenye nailoni zinaoza. Na kila Jumamosi nilikuwa nazigeuza, moshi uzifikie pande zote."

Niliketi kwenye kigoda. Nilitaka kusema jambo la adabu, likakosekana. "Mama, umeziua," nikasema. Kisha nikapaza sauti. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika, mimi niliyekuwa sijawahi kumjibu mama yangu tangu nivunje ungo. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, mikono yake ikiwa mapajani.

"Si wewe uliyesema ni mbegu?"

Ningesema nini? Mwanafunzi alikuwa amejibu swali kama lilivyoulizwa.

Alipoelewa kwamba kuna watu arobaini na mmoja ambao mwaka wao umeungulia juu ya meko yake, mama alichukua kisu, akatoka kwenda mpakani mwa kihamba kukata isale. Kwetu ukimkosea mtu unampelekea jani la isale, na aliyepelekewa hawezi kukataa kusamehe. Alitaka kuteremka nami mpaka chuoni akawape wanafunzi mwenyewe, miguu yake ile mibovu. Nikakataa. Nikamwambia wengi wao wanatoka Singida na Tabora, watadhani tumewaletea majani ya mbuzi. Ukweli niliona aibu kuonekana na mama yangu. Alibaki amesimama na jani lake, nami nikaondoka bila kunywa hata maji.

Fundi alikuja akajitahidi. Flopi nne hazikuingia kabisa kwenye mashine. Zile kumi zilizoingia zilitoa mlio wa kusaga. Hakuna iliyofunguka. Nikakimbilia intaneti kafe, nikafungua sanduku la barua, nikakuta zile tatu nilizotuma. Nikarudia kutafuta mara sita, saba, nikijua kabisa sikutuma nyingine. Dada aliyekuwa akisimamia pale aliniuliza kama nimefiwa. Kati ya zile tatu, ya mama wa Kahe haikuwemo. Yeye alichelewa kuchapa.

Mkuu wa chuo hakugomba, na hilo lilinitisha zaidi. Alifunga mlango. "Ulizisoma," akaniambia. "Jaza alama, kisha vijana waandike upya zipatikane karatasi za kuwaonyesha kanda. Mambo yaishie humu ndani. Hao watu wakijua zilipotea watafuta matokeo ya darasa zima, na wewe na mimi tutapunguzwa siku hiyohiyo."

Niliitikia kwa kichwa nikasema sawa. Sikumwambia kwamba sikuwa nimesoma hata moja. Nilikuwa nazingojea zichapwe kwenye karatasi. Muhula mzima nilikuwa nimezihamisha, nimezipa majina, nimezipanga, nimezituma, nimezibeba mkobani, na sikuwa nimekaa chini kusoma ukurasa mmoja wa mwanafunzi wangu. Hata kudanganya kwenyewe sikuwa na pa kuanzia.

Wakaguzi wangekuja baada ya siku kumi. Nikaliambia darasa. Nilisimama mbele yao nikasema ripoti zimeharibika, kosa ni langu, na itabidi waandike upya kwa siku kumi. Hakuna aliyepiga kelele. Kijana mmoja alicheka, kicheko kile cha mtu asiyejua afanye nini na uso wake. Mama wa Kahe akanyoosha mkono. "Mwalimu, na yale madaftari?"

Nikatoka mbio mpaka getini. Muuza karanga alinitazama kwa huruma. "Nimeshafungia, mwalimu. Tangu Pasaka nafungia hayohayo."

"Hakuna hata moja?"

Akainua kikapu, akanitolea yaliyobaki, karatasi saba. Nyingine mbili zilikuwa zimeshafungiwa, nikanunua karanga zake nikazimwaga kwenye kanga yangu ili nizipate. Katika tisa hizo, moja ilikuwa na mwandiko ninaoufahamu, mdogo, ulionyooka. Ilikuwa na majina ya watoto sita na herufi walizokwama. Nilimpelekea ikiwa na mafuta ya karanga katikati. Aliisoma pande zote mbili, akaikunja.

Niliwaambia wanafunzi waandike wanachokumbuka. Mmoja akauliza, "Na takwimu?" Nikamwambia azikumbuke. Wote wakaelewa, na vidole vikaanza kulia kwenye mashine, maana wino wa printa ulikuwa umeshafika. Mimi niliyewafundisha maadili ya kazi nilikuwa napita nyuma ya viti vyao, nikitazama watoto wasiokuwepo wakifaulu mitihani isiyofanyika.

Mama wa Kahe alinifuata varandani. "Mwalimu, mimi siwakumbuki wote. Naenda Kahe nikawaone."

"Usiende," nikamwambia. "Siku hazitoshi. Andika tu kama wenzako."

"Niandike watoto ambao hawapo?"

Nilimwambia hii si saa ya utakatifu. Naam, nilisema hivyo. Akaniamkia shikamoo ya kuniaga, akaenda.

Siku ya nane alirudi. Alikuwa amewapata watoto wake karibu wote, amewasomesha upya mmoja mmoja, ameandika kila kitu kwa mkono kwenye madaftari mawili. Vitabu vya chuoni vya saikolojia nilivyowasomesha havikuwa na ukurasa kama ule. Lakini mashine mbili zilikuwa zimekufa, sita zilizobaki zilikuwa na foleni, na umeme ulikuwa wa mgawo. Aliwaachia vijana zamu. Siku ya tisa mchana, ripoti za wenzake zikiwa zimeshatoka kwenye printa na vijana wakirudiarudia kupamba majalada, nikamwondoa mmoja kwa nguvu, nikakaa mwenyewe kwenye kiti, nikamwambia anisomee nichape.

Alisoma kwa sauti ya darasani, taratibu, akitaja na nukta. Mara nyingine alisita. "Hapa ile ya kwanza niliieleza vizuri zaidi," alisema. "Maneno yenyewe yamenitoka." Mimi nilichapa bila kuinua kichwa. Tulikuwa ukurasa wa kumi na moja umeme ulipokatika. Tukangoja. Vitambaa vya matroni vilikuwa juu ya zile mashine mbili zilizokufa, na yeye akavitazama akasema vinahitaji kufuliwa. Jenereta ya chuo ilikuwa imeibiwa betri. Nikateremka mjini kutafuta taipureta. Mzee aliyekuwa akipiga chapa hati karibu na mahakama alikuwa kwenye msiba Rombo, na ofisi nyingine nilizojua zilikuwa zimefanya kama sisi, zimeuza zao. Mji mzima ulikuwa hauna umeme. Jua lilipozama bado ulikuwa haujarudi, na asubuhi haukurudi pia.

Wakaguzi walikuja saa tatu, wawili, watu wa heshima zao. Walipokea ripoti arobaini zilizochapwa. Nikawapa ya arobaini na moja, madaftari mawili ya mkono. Aliyekuwa mkubwa wao aliyafungua, akasoma kidogo, akafunga.

"Mwongozo unasema iliyochapwa kwa kompyuta."

"Mwongozo niliuandika mimi, mzee."

"Basi unaujua."

Nikasema umeme ulikatika. Akauliza mbona wengine arobaini wamechapa, walikuwa na muhula mzima. Kwa nini huyu mmoja ameandika jana kwa mkono? Lilikuwa swali la haki, na jibu lake nilikuwa nalo mdomoni. Ningesema tu: kwa sababu zote ziliungua, na huyu peke yake amekataa kutunga. Mkuu wa chuo alikuwa amesimama dirishani, ananitazama. Ningelisema lile neno, mama wa Kahe angepona na arobaini wangeanguka, na mimi ningeanguka pamoja nao, na watoto wangu wawili. Nilihesabu hivyo. Nimerudia hesabu hiyo mara nyingi tangu siku ile na kila mara jibu linakuja lilelile, na kila mara naona aibu kwamba nilihesabu.

"Alichelewa," nikasema.

Mkaguzi akaandika kwenye fomu. Mama wa Kahe alikuwa amekaa benchi la nje, karibu na dirisha lililokuwa wazi. Sijui alisikia kiasi gani.

Matokeo yalibandikwa mwishoni mwa muhula. Arobaini walifaulu. Mbele ya jina lake paliandikwa hajakamilisha. Vijana walikuwa wakikumbatiana kwenye nyasi, wengine wamewaleta wazazi, na yeye alikuwa bwenini anafunga begi. Nilimkuta amekwisha kunja shuka la chuo vizuri, amelirudisha kwa matroni. Nikamwomba nimsindikize, akakubali. Nikachukua begi upande mmoja, yeye akashika mwingine, tukatoka kama watu wanaokwenda sokoni.

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake. Niliitamani hata. Nilitaka aniite muuaji, anitemee mate, ajue alichofanyiwa na anidai hesabu yake mbele ya watu. Nilitaka kumwomba msamaha, lakini kila nilipofungua mdomo niliona ningekuwa namwomba anipunguzie mzigo wangu, na yeye alikuwa na begi la kubeba. Tulifika getini. Tukaliweka begi chini kungoja gari la Kahe.

"Mwalimu," akasema, "nina swali moja, kama hutajali. Ile ripoti yangu ya kwanza, kabla haijaharibika. Uliisoma?"

Alikuwa ananitazama usoni, ametulia, jinsi mwanafunzi anavyongoja daftari lirudi.

"Niliisoma," nikamwambia.

"Ilikuwa nzuri?"

"Ilikuwa nzuri sana. Ndiyo iliyokuwa bora kuliko zote."

Alivuta pumzi, na mabega yake yakashuka. "Ahsante," akasema. "Nilikuwa naogopa kwamba hakuna aliyeisoma."

Akanipa mkono wake, akaushika wangu kwa yote miwili, na akauinamia.